Nyimbo Kumi na Moja za Njia ya Hospitali

Jumanne, 4 Machi

Mtaalamu wa usemi ameniagiza niwe na daftari. Kila neno ambalo kaka atalitoa nje ya chumba cha mtaalamu huyo niliandike, na siku asiyotoa neno niiandike vilevile, kwa sababu siku tupu nayo ni taarifa. Agizo hilo limeniridhisha. Watu wengi huruka siku tupu.

Mambo ya msingi ni haya. Kaka yangu alipata kiharusi mwezi wa kwanza. Mkono wa kulia umelegea, mguu umerudi kiasi cha kutembelea fimbo, na akili yake haina kasoro ambayo mtu yeyote ameweza kuithibitisha. Kilichokwenda ni usemi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Sauti iliyowaelekeza watu wa mji huu jukwaa la kwanza au la pili ilikuwa yake, na mpaka leo wauza magazeti humwita Bwana Stesheni. Sasa amebakiwa na neno moja, "ndiyo". Hulitumia kwa ndiyo, kwa hapana, kwa kuomba maji na kwa kutaka mlango ufungwe.

Hospitali inampa vikao ishirini na vinne, kila Jumanne na Ijumaa. Cha mwisho ni cha tathmini. Iwapo kufikia hapo atakuwa ametamka mbele ya mtaalamu walau neno moja la hiari, yaani neno ambalo hakupewa alirudie, ataongezewa vikao. La sivyo, nafasi yake itakwenda kwa mwingine. Orodha ya wanaongoja ina watu zaidi ya mia. "Ndiyo" haihesabiki. Hakuna hospitali nyingine yenye mtaalamu wa aina hii katika umbali ninaoweza kuuendesha.

Wifi yangu, yaani mkewe, hufua nguo katika hoteli na hapati ruhusa siku za Jumanne. Kazi yangu ni kutunga faharasa za vitabu na huifanya nyumbani. Dereva, basi, ni mimi.

Njia ni dakika hamsini. Sisi wawili hatujawahi kuzungumza dakika hamsini mfululizo hata alipokuwa mzima. Nilichomeka flashi kwenye redio ya gari, nikawasha muziki.

Maneno: ndiyo, mara tisa.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua imeanza. Wifi alikaa kiti cha nyuma, akazungumza tangu tulipotoka hadi tulipofika, juu ya nyimbo na katikati ya nyimbo.

"Wifi, huyu anayeimba si alishafariki?"

"Alifariki. Rekodi hii aliifanya akiwa na miaka ishirini na mmoja."

"Basi mwache apumzike, utuwekee walio hai."

Kaka alicheka. Kicheko chake hakikuharibika.

Nilimweleza kwamba mkusanyo wangu una nyimbo 3,806, nilizozikusanya kwa miaka kumi na tisa kutoka santuri, kanda na diski za watu, nikazisafisha mikwaruzo na kuziingiza kwenye kompyuta, kila moja na jina lake, mwimbaji, mwaka na mahali iliporekodiwa. Zilizo kwenye flashi ya gari ni 212 tu.

"Umemsikia dada yako?" alimwuliza mumewe. "Huyu hata vijiko vyake vina namba."

"Ndiyo," alisema kaka.

Jumanne, 11 Machi

Ndiyo, mara saba. Mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Nimegundua kasoro mbili katika redio. Ya kwanza: kila gari linapowashwa, huanza na wimbo uleule wa kwanza. Ya pili: nyimbo hazifuati alfabeti, wala mwaka, wala mwimbaji. Kwa kuwa safari huchukua nyimbo kumi na moja, tumesikia nyimbo kumi na moja zilezile mara nane, kwenda na kurudi, ilhali mia mbili na moja hazijasikika hata mara moja.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kwa fundi redio. Aliingiza kichwa chini ya dashibodi na kuzungumza akiwa hukohuko.

"Mama, redio hii haijui kusoma. Majina yote hayo uliyoandika haiyaoni. Inapiga kama ulivyoziingiza. Aliyetangulia kuingia ndiye anayetangulia kuimba."

"Na kwa nini inarudi mwanzo kila mara?"

"Aliyeifunga hakuunganisha waya wa kumbukumbu. Ukizima gari, inasahau kila kitu. Nikuunganishie? Itabidi nitoe dashibodi nzima."

Nilimwambia aache. Ni kweli kwamba nyimbo zile nilizihamisha vipandevipande katika siku tofauti, bila utaratibu wowote. Mpangilio huo ni ajali, na aliyeisababisha ni mimi.

Ijumaa, 21 Machi

Kaka ameguna sauti ya wimbo wa tatu. Wimbo huo una mkwaruzo katika sekunde ya arobaini. Nakala hiyo niliiweka kabla sijapata iliyo safi. Aliguna hadi mkwaruzo wenyewe.

Ijumaa, 28 Machi

Ameimba. Si kuguna tena: ameimba maneno, kiitikio kizima cha wimbo wa tatu, pamoja na mwimbaji. Wifi alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu tuanze safari hizi. Nilipotazama kioo, alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio.

Mtaalamu ni binti mwenye umri wa kuweza kuwa mwanangu, mpole, asiyepamba jambo. Alitusikiliza hadi mwisho.

"Kuimba kunapita njia nyingine kichwani," alisema. "Mtu anaweza kuimba wimbo mzima na bado asiweze kuomba chai. Furahini, ila msiuhesabu."

Wifi hakupendezwa. Mimi niliona jibu hilo ni sahihi, nikaliandika kama lilivyo.

Jumanne, 1 Aprili

Nyimbo tatu. Ndiyo, mara nne. Maji yamefika ukingo wa mtaro.

Jumanne, 8 Aprili

Siku hii inahitaji kuandikwa kwa uangalifu.

Kati ya wimbo wa nne na wa tano redio hukaa kimya kwa sekunde nne. Leo, katika kimya hicho, kaka alisema: "Nilikuambia jana." Kisha redio ikaanza wimbo wa tano, ambao hufunguka kwa maneno hayohayo.

Yaani alianza kabla yake. Hakuna aliyempa neno. Alilitoa mwenyewe, mahali palipokuwa patupu.

Mtaalamu aliacha kalamu nilipomweleza. "Hilo ni jambo jingine kabisa," alisema. "Bado ni wimbo, siwezi kuliandika kama neno la hiari. Lakini kuanza ndiko kunakomshinda, na leo ameanza. Endeleeni hivyohivyo."

Ijumaa, 11 Aprili

Ameanza wimbo wa tano na wa saba. Wifi amempiga begani: "Kumbe bado unanitangazia, Bwana Stesheni!"

Nimefikiri njiani. Iwapo nyimbo kumi na moja zimeleta haya, nyimbo nyingi zaidi, zilizopangwa vizuri na kusafishwa, zitaleta zaidi.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua ya kutwa. Nimefuta flashi yote na kuijaza upya, wimbo mmoja baada ya mwingine, kwa alfabeti ya waimbaji na ndani yake kwa mwaka. Wimbo wenye mkwaruzo nimeubadilisha kwa nakala safi. Kazi ya saa tano. Sasa redio, ijapokuwa haijui kusoma, italazimika kufuata utaratibu.

Jumanne, 15 Aprili

Hakuna wimbo. Ndiyo, mara mbili.

Ijumaa, 18 Aprili

Hakuna wimbo. Kwa kuwa herufi ya kwanza ina bendi moja yenye rekodi kumi na nne, safari nzima ilikuwa ya bendi hiyo.

"Wifi, hawa jamaa wametuteka nyara?" aliuliza wifi yangu. Hakuna aliyecheka. Kaka aliegemeza kichwa kwenye kioo.

Jumanne, 22 Aprili

Siku tupu. Hata ndiyo hakuna.

Ijumaa, 25 Aprili

Mtaalamu alituita pembeni. Alisema wagonjwa wengine hupanda, kisha husimama kama waliogonga ukuta, na kwamba vimebaki vikao vinane.

Tulirudi bila muziki kwa sababu wifi aliuzima kabla hatujatoka langoni. Alisubiri hadi kaka aliposhuka na kuingia ndani kwa fimbo yake, kisha akaniambia tukiwa bado garini, mvua ikipiga paa:

"Umembadilishia ratiba."

"Nimezipanga."

"Zilikuwa zimepangwa! Wifi, mimi nimelala na mtu huyu miaka ishirini na miwili. Wakubwa wake wakibadilisha ratiba ya treni, wiki nzima halali, anaikariri na ukuta. Hasikilizi nyimbo, yule. Anazingoja zifike. Ya tano ikikaribia anaiita, kama alivyokuwa anaita treni. Sasa umeziondoa treni zake zote, halafu unashangaa kwa nini amekaa kimya jukwaani."

Nilikuwa nimechukua athari ya mfuatano nikaihesabu kuwa athari ya nyimbo. Ni kosa ambalo ningelisahihisha katika kitabu cha mtu mwingine kabla ya kumaliza kikombe cha chai.

"Nitaurudisha mpangilio," nilisema. "Nyimbo zote kumi na moja nazikumbuka."

"Haya, zitaje."

Nilizitaja, kwa majina kamili. Alitikisa kichwa nilipofika ya sita.

"Wapi! Ya kwanza ni ile ya gitaa tupu. Ya pili, mwanamke anamgombeza mpangaji. Ya tatu inayokwaruza. Ya nne, tarumbeta mbili zinazokimbizana. Ya tano, Nilikuambia jana. Ya sita, yule anayeimba kama amebanwa na kiatu. Yako hiyo ni ya nane." Akaendelea hadi ya kumi na moja bila kumeza mate.

Kwa wiki saba nilimhesabu kuwa kelele juu ya muziki. Alikuwa akisikiliza kuliko mimi, huku anazungumza. Mimi nilinyamaza safari zote hizo, na sikuwa nasikiliza chochote.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimefuta flashi tena. Nimeingiza nyimbo kumi na moja kwa orodha ya wifi. Wa tatu nimeutafuta katika diski ya akiba, ule wenye mkwaruzo. Baada ya hizo zimefuata nyingine kwa utaratibu wangu, hatuzifikii.

Jumanne, 29 Aprili

Hakuimba. Lakini wa tatu ulipofika kwenye mkwaruzo, aliondoa kichwa kiooni na kunitazama. Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia karani aliyechelewa kufungua dirisha la tiketi.

Ijumaa, 2 Mei

Nilikuambia jana. Sekunde mbili kabla ya redio. Wifi amelia waziwazi na kuniambia nitazame barabara.

Ijumaa, 9 Mei

Ameanza nyimbo nne. Chumbani kwa mtaalamu, alipoonyeshwa picha ya kikombe: ndiyo. Picha ya kitanda: ndiyo.

Jumanne, 13 Mei

Nyimbo saba. Chumbani, ndiyo.

Ijumaa, 16 Mei

Nyimbo kumi na moja, zote, kila moja katika kimya kinachoitangulia. Nilimwomba mtaalamu atoke nje, akae garini, asikilize. Alitoka, na mvua ile. Alisikiliza nyimbo tatu.

"Dada, nakuonea huruma, lakini nitakuambia ukweli," alisema. "Akijua kinachofuata, anaweza. Neno la hiari ni pale ambapo hakuna anayejua kinachofuata, hata yeye."

Nilibishana naye kwa dakika kumi. Hoja zangu zilikuwa nzuri. Yake ilikuwa sahihi.

Jumanne, 20 Mei

Kikao cha ishirini na tatu hakikuleta kitu. Yaliyofuata yalitokea tukirudi, mimi na kaka, na nitayaandika kwa mfuatano wake.

Mvua ilikuwa kubwa kuliko ya siku yoyote ya msimu huu. Barabara ya kurudi hupita chini ya daraja la reli, mahali penye bonde, na hapo foleni ilisimama. Siku nyingine, foleni ikizidi, huzima injini ili kuokoa mafuta, na redio hurudi wimbo wa kwanza. Leo sikuthubutu. Maji yalikuwa yametanda barabarani na bomba la moshi likinywa maji gari haliwaki tena. Injini ikaendelea, redio ikaendelea.

Kaka alizianza nyimbo zake moja baada ya nyingine. Alipomaliza kuuita wa kumi na moja, nao ukaisha, ukaja wa kumi na mbili. Hakuwa na wa kumi na mbili. Ulikuwa ni mmoja wa bendi ile ya herufi ya kwanza. Alisogea kitini. Ukaja wa kumi na tatu.

"Ndiyo," alisema.

Nilitazama mbele. Taa nyekundu za lori lililotutangulia hazikusogea.

"Ndiyo. Ndiyo!"

"Najua," nilimwambia. "Foleni itafunguka."

Ndipo aliposema: "Zima."

Sikuelewa. Naandika hili kwa aibu: jambo la kwanza nililolifanya ni kupitia kichwani nyimbo ninazozijua, kutafuta wimbo unaoanza kwa neno hilo. Hakuna.

"Zima," alisema tena, na akapiga redio kwa mkono wa kushoto, akakosa kitufe. "Zima!"

Nikazima.

Muziki ulipoondoka nilisikia kilichokuwa chini yake. Maji yalikuwa yakigonga mlango wa upande wake, taratibu, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi bila haraka. Mimi nilikaa upande wa juu wa barabara; kwangu maji yalikuwa nusu ya tairi. Kwake kulikuwa na mto.

"Maji," alisema kaka.

"Nayaona. Mbele hakuna nafasi."

Aligeuza kiwiliwili chote, jambo linalomtia maumivu, akatazama kioo cha nyuma. Gari lililokuwa nyuma yetu lilikuwa limekwisha kuondoka. Sikuwa nimetambua.

"Nyuma."

Nikatia gia ya kurudi nyuma. Kioo changu kilijaa ukungu, sikuona lolote. Yeye aliona. "Nyuma," alisema. "Nyuma. Nyuma." Halafu akainua mkono: "Basi." Nikasimama. Nyuma yangu palikuwa na nguzo ya taa, kama hatua mbili. Nikakata usukani, tukapanda barabara ya juu, tukazunguka kwa njia ya soko. Kutoka pale tulipogeuza niliona lori likiwa limezimika, dereva wake amesimama juu ya bodi.

Kwa muda wote uliobaki sikuwasha redio. Hakusema kitu tena. Alikuwa amelowa jasho kama aliyebeba magunia.

Maneno: zima, mara tatu, maji, nyuma, mara nne, basi. Hakuna hata moja linalotoka kwenye wimbo. Hakuna hata moja lililotamkwa mbele ya mtaalamu.

Jumatano, 21 Mei

Siku ya kazi. Nimekosea namba za kurasa mara mbili.

Ijumaa, 23 Mei

Wifi hakupata ruhusa. Hoteli ina wageni wengi. Tulikwenda wawili. Kaka alipoketi garini aliweka kiganja juu ya redio na kukiacha hapo hadi hospitali. Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu.

Mtaalamu alianza na picha. Kikombe: ndiyo. Kitanda: ndiyo. Ufunguo: kaka alifungua mdomo, akakaa hivyo kwa muda ambao sikuweza kuutazama, kisha: ndiyo. Karatasi ya tathmini ilikuwa mezani, na mstari wa neno la hiari ulikuwa mtupu.

Mtaalamu alinigeukia. "Umeandika kwenye daftari kwamba alisema maneno siku ya Jumanne. Siwezi kuyaingiza, lakini nielezee. Nataka kujua tu."

Nikamweleza. Nilijitahidi kuwa sahihi. Nilitaja daraja, foleni, lori, bomba la moshi. "Maji yalikuwa yamefika nusu ya tairi," nilisema.

"Mlango," alisema kaka.

Tulimgeukia wote wawili.

"Mlango," alirudia, na akanitazama kwa hasira ya mtu ambaye taarifa yake imesomwa vibaya mbele ya watu. Aliinua mkono wa kushoto kutoka sakafuni, akapita usawa wa tairi, akausimamisha usawa wa goti lake. "Hapa. Hapa, mlango."

Alikuwa sahihi. Mimi niliona tairi, la upande wangu.

Mtaalamu alichukua kalamu, akajaza mstari, akahesabu, akaandika tena. Kisha akafungua kalenda yake na kuniuliza kama siku za Jumanne na Ijumaa bado zinatufaa.

Tulifika nyumbani saa kumi. Wifi alikuwa ametoka kazini, amesimama mlangoni bado na sare yake, mikono imekunjamana kwa maji ya kufulia.

"Enhe? Wamesemaje? Kasema? Wifi, usinifiche, kasema nini?"

"Kasema neno," nilianza, "na vikao vimeongezwa. Tulikuwa tunaeleza habari za Jumanne, nami nikasema kwamba maji…"

"Ngoja," alisema kaka.

Alikuwa amejishikiza kwenye meza. Midomo yake ilikuwa ikitafuta kitu. Alitaka kueleza mwenyewe.

Wifi alivuta kiti akaketi, nami nikavuta changu.